Hasara yenye karatasi: pamba ya Igunga na fedha za kunusuru uchumi, 2009

Tarehe 10 Juni 2009, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya Sh trilioni 1.7. Mafungu mawili ya mpango huo yaliigusa moja kwa moja pamba inayolimwa Igunga na Nzega, mkoani Tabora. La kwanza lilikuwa Sh bilioni 21.9 za kufidia hasara walizopata wanunuzi wa pamba na kahawa katika msimu wa 2008/09. La pili, Sh bilioni 45, lilikuwa la kudhamini mikopo yao iliyokwama benki ili ipangiwe upya muda wa kulipwa. Na mkulima? Msimu wa 2009 bei dira, yaani bei elekezi, ilikuwa Sh 360 kwa kilo, serikali ikaongeza ruzuku ya Sh 80, mkulima akapokea 440.

Kwa harakaharaka kila mmoja alipata chake, na wapo wanaousifu mpango huo hadi leo kwa sababu hiyo. Sisi tunaufuata kilo kwa kilo, tangu mizani hadi benki, tuone ni hasara ipi iliyohesabiwa kuwa hasara na ni ipi iliyoachwa na mwenyewe.

Pesa ilivyopotea

Tabora inajulikana kwa tumbaku ya Urambo na Sikonge. Pamba iko kaskazini mwa mkoa, kwenye udongo mweusi wa bonde la Manonga na vijiji vinavyopakana na Shinyanga. Hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, huvunwa kuanzia Mei, na soko wakati ule lilifunguliwa Juni au Julai. Masalia hung'olewa na kuchomwa kabla ya Septemba 15 ili kuua wadudu. Kwa hiyo mkulima huamua ekari zake miezi saba kabla ya kuisikia bei.

Mnunuzi ana kalenda nyingine. Kwa kawaida ndiye mwenye kiwanda cha kuchambulia. Wakati ule benki ilimpa mkopo wa msimu, yeye akazigawa fedha taslimu kwa makarani wa vituo vya kununulia, nao wakanunua pamba mbegu. Kiwandani, kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi. Inayobaki karibu yote ni mbegu, ambayo huuzwa kwa wakamuaji wa mafuta na mwisho huwa mashudu. Nyuzi hufungwa marobota ya kilo 180 hivi, hupelekwa bandarini Dar es Salaam na kuuzwa kwa bei ya dunia, inayotajwa kwa senti za dola kwa ratili (takriban kilo 0.45).

Katikati ya mwaka 2008 bei hiyo ilikuwa kati ya senti 75 na 80. Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka kule New York, viwanda vya nguo vikasita kununua, na kufikia Machi 2009 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu senti 51.

Tuifanyie hesabu kwa mfano. Mnunuzi amenunua kwa Sh 450 kwa kilo, kwa hiyo nyuzi kilo 1 imemgharimu Sh 1,350 za pamba pekee. Ongeza usafiri, uchambuaji, ushuru na riba, kisha toa alichouza kwenye mbegu. Tuseme ibaki Sh 300. Jumla ni Sh 1,650. Kwa senti 75 kwa ratili na dola ya Sh 1,200, kilo ya nyuzi inauzwa Sh 1,984, na faida ni zaidi ya Sh 330. Kwa senti 52 na dola ya Sh 1,300, kilo hiyohiyo inauzwa Sh 1,490, yaani hasara ya Sh 160. Mwenye tani 1,000 za nyuzi zilizobaki ghalani anadaiwa na benki Sh milioni 160 zaidi ya alichonacho, na riba inaendelea kutembea. Mwaka 2008 mavuno yalikuwa makubwa, karibu tani 369,000 za pamba mbegu nchi nzima, na kuchambua shehena ya namna hiyo huchukua miezi. Bei ilipoanguka mzigo ulikuwa bado njiani.

Kwa hiyo hasara ya wanunuzi ilikuwa ya kweli, na anayesema walijitungia anakosea. Tena kuwaacha wafe wote kungekuwa na madhara yake: Juni 2009 ikifika bila mnunuzi mwenye fedha, pamba ingelala majumbani. Ugomvi wetu uko kwenye namna walivyookolewa.

Fidia iliishia wapi

Mnunuzi aliyefidiwa hakwenda na fedha hizo nyumbani, maana mkopo wake ulikuwa benki. Fidia iliyolipa hasara ya mkopo ilifika benki, na dhamana ya bilioni 45 ilikaa nyuma ya mikopo ileile. Aliyelala usingizi mzuri zaidi mwaka ule alikuwa mkopeshaji.

Riba ya mkopo wa msimu huwa kubwa kwa sababu benki hudai kwamba kilimo kina hatari. Mkopo mzima unategemea zao moja, na bei yake hupangwa na watu walio mbali. Riba ni malipo ya kuibeba hatari hiyo. Hatari ilipotokea, hazina ya umma ikaibeba, na riba iliyokwisha kukusanywa kwa jina la hatari hiyo ikabaki benki. Ni kama bima iliyopokea michango miaka yote, na siku nyumba ilipoungua ikamtuma mwenyekiti wa kijiji akachangishe majirani.

Kuna mwingine anayesahaulika hapa, naye ni mnunuzi mwenzao aliyekuwa mwangalifu. Aliyefunga bei kwa mkataba mapema mwezi Agosti na kuridhika na faida ndogo hakuwa na hasara ya kufidiwa. Mwenzake aliyeziweka nyuzi akingoja bei ipande zaidi alikuwa nayo. Fidia ya hasara humlipa aliyekisia vibaya, na msimu unaofuata wote wawili wanakutana kituo kimoja kushindania pamba ileile. Ukiwa mwangalifu, hapo umejifunza nini?

Tena fidia si mkopo. Mwaka 2006 yalikuja yale yaliyobatizwa mitaani “mabilioni ya JK”, Sh bilioni 1 kwa kila mkoa kwa ajili ya wajasiriamali wadogo. Mikoa ya Bara wakati huo ilikuwa 21, kwa hiyo jumla yake ilikuwa bilioni 21, karibu sawa na fidia ya 2009. Lakini mama lishe wa Nzega aliyetaka sehemu ya bilioni ya Tabora alikopeshwa kupitia benki, kwa riba na marejesho. Kiasi kile kile cha fedha za umma kilikuwa deni kwa mdogo, kikawa pole kwa mkubwa.

Wamarekani, ambao mgogoro ulianzia kwao, walilalamikiwa sana kwa dola bilioni 700 zilizoidhinishwa Oktoba 2008 kuokoa mabenki, na lawama nyingi walistahili. Hata hivyo serikali yao ilipoingiza fedha benki ilichukua hisa, na benki nyingi zilipopona zilizirudisha fedha hizo pamoja na gawio. Igunga haikuwa na hisa.

Ruzuku ya Sh 80

Mtetezi wa mpango atasema mkulima naye alipewa Sh 80. Ni kweli, na si kitu kidogo. Tuchukue kaya ya ekari 3 inayovuna kilo 300 kwa ekari, mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo wa huku. Ni kilo 900. Kama mwaka uliopita iliuza kwa 450, kushuka hadi 360 kunaipotezea Sh 81,000. Ruzuku inairudishia Sh 72,000. Pengo ni Sh 9,000 tu, na kama hesabu ingeishia hapo tusingekuwa na la kuandika.

Haiishii hapo. Mavuno ya 2009 yalikuwa karibu tani 267,000. Ukizidisha kilo hizo zote kwa Sh 80 unapata Sh bilioni 21.36. Fidia ya wanunuzi ilikuwa bilioni 21.9. Mafungu mawili karibu sawasawa, moja la makumi ya makampuni na vyama vya ushirika vya pamba na kahawa, lingine la laki kadhaa za kaya. Na hili la pili, ingawa linaitwa la mkulima, linamsaidia mnunuzi pia. Bila Sh 80 za hazina angelazimika kupandisha bei mfukoni mwake, la sivyo angekosa pamba.

Kisha angalia ruzuku ya kilo ilivyofanya kazi kwenye kituo cha kununulia wakati ule. Mizani imening'inia kwenye boriti, gunia linapandishwa, karani anasoma, anatoa uzito wa gunia, anaandika kwenye kitabu cha stakabadhi chenye kaboni. Nakala ya juu anapewa mkulima, ya chini inabaki kitabuni. Ruzuku iko kwenye kilo zilizoandikwa. Mizani ikiiba kilo 3 kwa kila gunia, imeiba na ruzuku ya kilo 3. Pamba ikiitwa fifi, yaani ya daraja la chini, mkulima hana wa kumkatia rufaa hapo kituoni. Mwenye shida ya ada aliyeuza mapema kwa mchuuzi wa kijijini hana stakabadhi kabisa, na ruzuku ya kilo zake atakayeipata ni mchuuzi. Wasioaminiana nao hulipizana: bei ikiwa ndogo, magunia huongezewa maji na mchanga, ubora unashuka, na mwaka unaofuata nyuzi za ukanda mzima hupunguziwa bei kwa sababu ya uchafu.

Lakini kubwa kuliko yote ni hasara isiyopita kwenye mizani. Mbegu ya pamba ile ya 2009 ilipandwa Novemba na Desemba 2008, wakati bei ya dunia imekwisha kuanguka. Benki ilijua, mnunuzi alijua, mkulima akaendelea kulima kwa kumbukumbu ya bei ya Julai. Alikodi maksai na plau, akalipa vibarua wa palizi, akakopa chupa za dawa. Bei ilipotangazwa alipanga upya maisha yake kwa njia pekee aliyonayo, yaani kupunguza. Aliyekuwa na vibarua wanne wa kuvuna akabaki na watoto wake. Kiwandani, tani 369,000 zikishuka hadi 267,000 ni pungufu la asilimia 28 ya kazi, na mpakia marobota analipwa kwa zamu. Zamu isiyokuwepo haina ankara. Kibarua huyu hakuwa na mkopo benki, hivyo hakuwa na mkopo wa kupangiwa upya. Deni lake lilikuwa dukani, kwenye daftari la mangi, ambalo hakuna aliyelidhamini.

Mkanda uliofungwa kimyakimya

Nchi nyingine mkanda hufungwa kwa tangazo: waziri anasimama, anasoma orodha ya vinavyokatwa, watu wanaandamana. Igunga mkanda ulijifunga wenyewe, kwa kanuni zilizokuwepo tayari, bila mtu kutia saini.

Anza na halmashauri. Wakati ule ushuru wa mazao ulikuwa hadi asilimia 5 ya bei ya mkulima. Tuchukue wilaya ya mfano iliyouza kilo milioni 20 kwa Sh 450: ushuru ni Sh milioni 450. Mwaka unaofuata kilo zinapungua kwa asilimia 28 hadi milioni 14.4, bei ni 360. Ushuru unashuka hadi Sh milioni 259. Bei imeshuka kwa asilimia 20 tu, lakini mapato ya wilaya yameanguka kwa zaidi ya asilimia 42, kwa sababu bei na kilo zimeshuka pamoja na zinazidishana. Hayo ni mapato ya ndani, yale yanayonunua mafuta ya gari la wagonjwa, bati za darasa, posho ya mtendaji. Mnunuzi alikuwa na kitabu cha hasara cha kupeleka Dodoma. Halmashauri ilikuwa na bajeti isiyotimia, na bajeti isiyotimia huitwa uzembe wa ukusanyaji.

Afya ni hadithi ndefu zaidi. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yalileta uchangiaji wa gharama, na kuanzia 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza. Igunga ndiyo iliyochaguliwa kuwa wilaya ya majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996, ambapo kaya ililipa Sh 5,000 kwa mwaka na kutibiwa kwa kadi, na mwaka 2001 mfuko ukawekewa sheria. Ulikuwa na utaratibu uitwao tele kwa tele: kila shilingi ambayo kaya imechanga, serikali inaongeza shilingi nyingine. Mwaka mzuri wa pamba utaratibu huo unapendeza. Mwaka mbaya kaya isiyo na fedha hailipi kadi, na kwa kuwa haikulipa, serikali nayo haina cha kulinganisha. Zahanati inapoteza shilingi mbili kwa kila shilingi iliyokosekana nyumbani, wakati huohuo wagonjwa wakiwa hawana pa kwenda kwingine. Mfumo wowote unaotoa msaada kwa kadiri mtu anavyoweza kulipa utafanya hivyo siku ya shida.

Kwa haki, bajeti ya Juni 2009 ilishusha VAT kutoka asilimia 20 hadi 18, na Mei mwaka ule Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 336 kuziba pengo la fedha za kigeni. Mkopo huo ulikuwa wa wote. Aliyenunua sabuni Choma cha Nkola, wilayani Igunga, aliulipa kwa VAT, hata kama hakuwahi kuiona nyuzi ikifungwa robota.

Bei ilipopanda, nani alikuwepo?

Fidia ilihusu msimu mmoja, ila hasara ya mkulima ilihamia msimu wa pili, na haki ya mpango huu inapimwa hapo. Waliokatishwa tamaa na Sh 360 walilima ekari chache Novemba 2009. Wengine waligeukia alizeti na mpunga wa mabondeni. Hali ya hewa na uhaba wa pembejeo navyo vilichangia, lakini matokeo ni kwamba msimu wa mauzo wa 2010/11 nchi ilivuna karibu tani 163,000, chini ya nusu ya mavuno ya 2008.

Na ndipo bei ya dunia ikaruka. Kuanzia Agosti 2010 ilipanda kila mwezi, na kufikia Machi 2011 ilikuwa imepita dola 2 kwa ratili, kiwango ambacho soko la kisasa la pamba halikuwahi kukiona. Mkulima wa Igunga alikuwa amekwisha kuuza tangu Julai na Agosti. Aliyekuwa na nyuzi ghalani kuanzia Oktoba ni yule mwenye mtaji wa kuzishika, na mtaji wake ulikuwa umelindwa mwaka mmoja tu uliopita. Msimu wa 2011 ulipofunguliwa kwa Sh 1,100 kwa kilo, watu walichekelea kwelikweli, lakini bei ya dunia ilikuwa imeanza kuteremka, na ndani ya msimu ile 1,100 ikayeyuka.

Hasara ya senti 51 ilikuwa ya taifa, faida ya dola 2 ikawa ya mwenye ghala. Hakuna aliyeiba hapo. Kila mtu alifuata kanuni, na kanuni zenyewe ndizo zilizoelemea upande mmoja.

Ingewezekana vingine

Hatuhitaji kubuni dunia mpya. Kwanza, hasara ya mwanzo, tuseme asilimia 25, ingeachwa kwa mnunuzi na benki yake wagawane, kwa kuwa wao ndio waliokubaliana mkopo na riba. Kinachozidi hapo ndicho hazina ingebeba, tena kwa mkopo wenye sharti moja: bei ya nyuzi ikipita kiwango kilichokubaliwa, tuseme senti 90, sehemu ya kila senti inayozidi inarudi. Kufikia Machi 2011 fedha zingekuwa zimerudi, na zingeweza kuwa mtaji wa mfuko wa kufidia bei msimu mbaya ujao. Zingekusanywa kama kodi bandarini, kwa sababu hakuna robota linalotoka bila hati.

Majina ya waliofidiwa na kiasi cha kila mmoja yangebandikwa ofisi ya kata, kama yalivyokuwa yakibandikwa majina ya wasiolipa michango ya shule. Vyama vya msingi vya ushirika vingeweza kulinganisha kilo zilizodaiwa na kilo zilizopimwa kwenye vituo vyao, kazi ya siku mbili kwa katibu mwenye vitabu vyake.

Tele kwa tele ingegeuzwa katika mwaka ambao bei ya zao kuu la wilaya imeshuka kwa zaidi ya asilimia 15: serikali ilipe kwanza, kwa idadi ya kaya za mwaka uliopita, bila kusubiri kaya ichange. Vivyo hivyo ushuru, halmashauri ipewe wastani wa miaka mitatu.

Na ruzuku ya mkulima isipite mkononi mwa mnunuzi. Stakabadhi ya kituoni ina tarehe, kilo, daraja na bei, vitu vinne vinavyotosha kudai fidia ya msimu uliopita kama alivyodai mnunuzi. Kinachoiangusha ni karatasi yenyewe. Wino hufifia, na stakabadhi iliyochomekwa kwenye nyasi za paa huliwa na mchwa kabla ya masika. Chama cha msingi kinachozipiga picha kwa simu siku ileile ya mauzo, gunia kwa gunia, na kuandika jumla ya kila mwanachama kwenye daftari la kurasa ngumu, ndicho kitakachokuwa na cha kupeleka Dodoma bei itakapoanguka tena.